Filamu ya Kofia ya Faki

Siku hizi kila kazi ya mkono hutoka na filamu yake, inayoonyesha yote aliyoyawaza fundi alipokuwa akiitengeneza. Bi Mwanasiti alimkabidhi mumewe Faki kofia aliyomshonea. Filamu ikaanza ukutani: marehemu mumewe wa kwanza akicheka, akimenya machungwa, akimpepea alipougua homa. Faki hakuwamo hata kidogo.

"Loo! Na mimi niko wapi, bibi wee?"

"Niwie radhi, mume wangu. Usiikatae."

Faki akaivaa, akajitazama kiooni. "Imenikaa, ahsante. Nikitangulia, ukimshonea mwingine, na mimi uniwaze hivi hivi."

Bi Mwanasiti alimshukuru Mungu kwa mume kama yule. Lakini aliposhika sindano kumshonea Faki kofia ya sikukuu ya Idi, alisita. Aliogopa kuwaza, maana lolote atakalowaza Faki angeliona ukutani.