Askari Mwenye Taya la Kombo

Malkia wa mchwa alizaa askari ili wamng'ate Kigeugeu, mdudu aliyekuwa akiwala wanawe. Lakini kila walipopata mataya ya kutoboa gamba lake, Kigeugeu alilivua akaota jingine gumu zaidi.

Malkia hakukata tamaa. Uzao baada ya uzao, mataya yakabadilika kidogo kidogo, hata akazaliwa askari mwenye taya la kombo.

"Huyu ni wa kutupwa, mama," mtumishi wake akasema.

"Mwache. Ni wangu."

Kigeugeu aliporudi, taya lile la kombo likapenya chini ya gamba, likamshika shingo, mahali asipoweza kupabadili. Akafa.

Malkia akangoja vigelegele. Hakikusikika hata kimoja.

"Tumebaki wangapi?"

"Sisi watatu tu, mama."

Malkia akamgeukia askari wake. "Nenda kichuguu cha jirani, mwanangu. Huko bado wana watoto wa kulindwa."