Nyumba Isiyo na Nukta

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mwanakheri aliendesha kiprogramu chake kilichogeuza postikodi za nchi nzima kuwa nukta za ramani. Nyumba isiyoingiwa na mgeni mwaka mzima ilipoteza nukta, na isiyo na nukta haikupata maji. Leo kiprogramu kiliruka nyumba moja, ya baba yake kule Muheza: mwaka mzima haikuingiwa na mgeni.

Birika likiwa bado jikoni, alimpigia simu.

"Shikamoo baba. Bomba linatoa maji?"

"Marahaba. Limekauka sasa hivi. Usijisumbue mwanangu, una kazi."

Ndivyo baba alivyosema Idi zote mbili, na Mwanakheri akamwamini, asiende.

"Akiingia mgeni mmoja tu, nukta itarudi. Nimwombe jirani?"

Mzee akakohoa.

"Jirani hapana. Njoo wewe, mwanangu. Nina hamu nawe."