Kirusi cha Nyuma ya Pua

Umma unatangaziwa kwamba kikao kizito kuhusu pua ya Hamdani, kijana wa miaka ishirini na miwili, kilifunguliwa saa tatu asubuhi. Umma wenyewe ulikuwa shangazi yake, mdogo wake Siwema, na daktari aliyekwisha kuchoka kuulizwa maswali.

“Majibu ya kile kinyama tulichomkata shingoni yamerudi,” alisema daktari. “Ule uvimbe wa shingoni mwake umeanzia nyuma ya pua. Ni saratani, tena ya nadra. Inahusiana na kirusi.”

“Kirusi?” Shangazi alikunja uso. “Huyu hata Kiingereza kinamshinda!”

“Kidudu, mama. Karibu sote tunacho.”

“Mbona kimemchagua yeye?”

“Hilo sijui. Ninachojua, tukianza mionzi na dawa sasa, anaweza kupona.”

Akawaonyesha barakoa ya plastiki yenye matundu. Hamdani angefungwa uso kwa barakoa kama hiyo ili asitikisike wakati wa mionzi.

Hamdani aliisukuma fomu ya kukubali matibabu aliyowekewa mezani. “Mnizibe pumzi? Sisaini.”

Siwema akainyakua barakoa, akaivaa, akajilaza kitandani mikono kifuani kama maiti wa heshima.

“We Siwema! Vua hiyo!” Shangazi alifoka.

Hamdani alimwinamia, kalamu mkononi. “Unapumua?”

“Vizuri tu.”

“Mbona kifua hakipandi?”

Basi nakiri. Siwema ndiye mimi, na nilikuwa nimebana pumzi kwa woga. Nikaiachia, nikavuta nyingine taratibu. Iliingia. Kaka yangu alikuwa bado anakitazama kifua changu, akihesabu pumzi.