Dubu Asiyejua Kusimama

Minik alimweka dubu juu ya kaunta, dubu mweupe wa pembe asiyezidi kidole gumba. Dubu akaangukia ubavu.

"Bwana Minik, huyu wako amelewa," alisema Torben, mwenye duka, akamsimamisha. Dubu akaanguka tena.

"Hakuchongwa asimame. Kwetu mnyama huchongwa ashikwe kiganjani."

"Wateja wangu hawashiki, wanapanga kabatini. Msawazishe miguu nikupe unga na mafuta ya taa."

Minik alitazama mlango. Bahari ilikuwa imeganda vibaya, barafu haibebi mwindaji, na nyumbani mkewe alikuwa amelala na mtoto mchanga kifuani, maziwa yamekauka. Dubu alikuwa wa Ivalu, binti yao mkubwa. Alifariki akiwa amemfumbata, na kwa desturi walipaswa kumzika naye. Minik ndiye aliyevifumbua vidole vya binti huyo, mkewe alipogeuka.

"Nipe tupa," alisema.

Torben akampa chuma hicho cha kukwaruzia, naye akaanza kusugua miguu ya dubu. Kwenye mguu mmoja wa nyuma palikuwa na alama za meno ya Ivalu. Alipozifikia, mkono haukusita. Alipomweka tena, dubu alisimama wima.

"Sasa huyo ndiye dubu!" alisema Torben, akaenda kupima unga.

Kwenye kaunta lilibaki vumbi jeupe, kidogo tu. Minik alilowesha kidole, akaliokota lote, akalitia kinywani. Torben alipomuuliza kama mfuko mmoja unatosha, Minik alikuwa bado amefumba midomo.