Kikao cha Kiboko Bwawani

Hapo kale, mikutano ilipokuwa mingi kuliko mvua, ukuta wa bwawa la nchi ya Panya ulibomoka. Maji yakawa yanatoroka na mpunga ukaanza kunyauka. Rais wao, Bi Tunza, akaomba msaada, na mashirika mawili yakaja mbio: Umoja wa Mito ulioongozwa na Kiboko, na Jumuiya ya Anga iliyoongozwa na Korongo.

Walikutana bwawani. Kiboko, ambaye hakupenda kusimama, alijibwaga palepale penye tundu. Maji yakaacha kutoroka.

Korongo, mpenda utaratibu, akakohoa. "Kwanza, nani mwenyekiti?"

Wakabishana kutwa nzima. Bi Tunza alipoona makalio ya Kiboko yameziba tundu lote, akawanong'oneza mafundi wake wajenge haraka nyuma yake.

"Basi tufunge kikao," alisema Kiboko, akianza kuinuka.

"Waheshimiwa!" Bi Tunza akadakia. "Hatujaamua nembo ya nani itangulie!"

Kiboko akaketi tena. Siku ya tatu waliafikiana nembo moja: yai lenye meno. Kiboko akainuka, na nyuma yake ukuta mpya ukawa umesimama, hata tone halipiti.

"Mheshimiwa Rais," Korongo alisema kwa haya, "suala la ukuta hatukuligusa. Tutalijadili mwakani?"

"Mwakani tujadili barabara," alijibu Bi Tunza. "Bado haijashindiliwa, kwa hiyo tutakutana katikati yake, na Mheshimiwa Kiboko atakaa popote apendapo."