Bisibisi ya Kuazima

Aliposikia hodi, mzee fundi redio aliificha bisibisi chini ya paja, akaitikia "Karibu!" kwa sauti ya mtu aliyesubiri sana.

Binti fundi cherehani wa chumba cha pili aliingia, uso umemshuka. "Babu, nisamehe. Bisibisi uliyoniazima imeibiwa dirishani."

"Potelea mbali, mwanangu. Kaa kwanza tuzungumze."

Mpini wenye utepe mweusi ulimchoma pajani. Mzee mwenyewe ndiye aliyeichukua dirishani jana, kimyakimya. Binti alikaa nayo mno bila kuja, na tangu mkewe azikwe hakuna mwingine aliyebisha hodi pale.

Lakini binti hakukaa. Alimwekea mkononi bisibisi mpya, ingali ndani ya plastiki yake.

"Nimenunua mbili," alisema, uso umemchangamka. "Yako na yangu. Sitakusumbua tena, babu."