Sufuria Nzito

Bi Saumu alikataa kutia sahihi. Aliagiza sufuria moja kwa simu, na sasa karani wa ofisi ya vifurushi alimdai nauli iliyozidi bei ya sufuria yenyewe.

"Mzigo unalipiwa kwa kilo, mama," karani alisema, akilisogeza boksi mbele yake.

Bi Saumu aliliinua kidogo akalirudisha. Mawe, aliwaza. Si jirani yake aliagiza pasi akaletewa tofali? Akampigia muuzaji palepale na kuweka spika ili karani awe shahidi.

"Shikamoo, mama," sauti ya binti iliitikia.

"Umenitilia nini humu?"

"Mchele, mama. Ulisema hujapika tangu umzike mzee. Bibi yangu akasema sufuria ya kuanzia jiko haitoki kwa mtu ikiwa tupu. Akaijaza mwenyewe. Nauli hatukuifikiria, utuwie radhi."

Bi Saumu akakata simu. Maneno matamu hayamtoi nyoka pangoni bure. Alilipa shingo upande, akatia sahihi kwa kalamu ya karani, akaomba kisu, akachana boksi hapohapo juu ya meza.

Mchele ulikuwa mweupe, unanukia. Juu lazima wauweke mzuri, alijiambia, akazamisha mkono kutafuta mawe. Ulizama hadi karibu na kiwiko. Vidole vikagusa kitako cha sufuria, vikapapasa huku na huku, vikatulia.

Karani alisubiri kalamu yake. Mkono haukutoka.

"Marahaba, mwanangu," Bi Saumu alisema polepole, na simu ilikuwa imezimika zamani.